Nahamisha tovuti kwenda hostingi mpya, barua pepe za wageni zitapona?

SWALI: Tuna kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, tupo Moshi. Tovuti yetu ni WordPress, domeini ni ya .co.tz, na barua pepe za ofisi, ya info na ya booking, zipo hapohapo. Kijana aliyetutengenezea ndo alinunua kila kitu, sisi tunamlipa yeye kila mwaka. Msimu uliopita tovuti ilikuwa inazimika mara kwa mara mpaka wageni wakawa wanalalamika. Nimeshalipia hostingi kampuni nyingine, wanasema wataihamisha bure ndani ya siku moja. Naogopa barua pepe za wageni zisipotee na tusishuke Google. Nianzie wapi, na huyo kijana nimwambie saa ngapi?

JIBU: Dada, umefanya vizuri sana kuuliza kabla hujahama, maana maswali ya hivi mengi yanakuja tovuti ikiwa imeshazimika na wageni wanaandika barua hazifiki. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu ndani ya swali lako kuna vitu vitatu na watu wengi wanavichukulia kama kimoja: domeini, hostingi na barua pepe. Kwa kuwa vyote vilinunuliwa siku moja na mtu mmoja unaona ni mzigo mmoja, lakini kila kimoja kinaweza kukaa kwa kampuni yake na kila kimoja kinahama kivyake. Domeini ni jina, limesajiliwa mahali. Hostingi ni seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayowaka muda wote, ambako mafaili na databesi (ghala la maandishi na taarifa) ya tovuti vimekaa. Barua pepe ni masanduku ambayo kwa sasa yapo kwenye seva hiyohiyo, ila hakuna sheria inayolazimisha yawe hapo. Hao wanaokwambia watahamisha bure ndani ya siku moja, mara nyingi wanazungumzia tovuti tu. Kwa kampuni kama yako tovuti ikizima nusu siku ni hasara ndogo, lakini barua ya mgeni aliyeomba kupanda kwa njia ya Machame na familia yake ikipotea hutajua hata kama iliwahi kuandikwa. Kwa hiyo karibu kila ninachokwambia hapa chini kinalenga barua pepe, hata pale naongelea kitu kingine.

Huyo kijana mwambie sasa hivi, kabla hujagusa chochote. Sababu ni domeini. Domeini zote za .tz ziko chini ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), zinauzwa kupitia mawakala waliosajiliwa, na kila domeini ina jina la mwenye mali, barua pepe yake na simu yake. Fungua huduma ya whois, yaani ya kutafuta mwenye domeini, andika domeini yako, uone imeandikwa jina la nani (kama maelezo yamefichwa muulize wakala aliyeiuza). Wanaotengeneza tovuti wengi wanajaza jina lao na Gmail yao, na mara nyingi siyo kwa ubaya, siku ile mteja hakuwepo na fomu ilitaka kujazwa. Lakini kwenye rejista mwenye domeini ni aliyeandikwa, siyo aliyetoa hela, na taarifa ya kwamba domeini inakaribia kuisha muda inakwenda kwake. Sasa wewe ukihama kimyakimya, kijana akaja kugundua baadaye na akakasirika, au hata asikasirike, akasahau tu kulipia domeini kwa sababu anajua haupo naye tena, hostingi yako mpya itakuwa nzima kabisa na hakuna mtu duniani atakayeweza kuifikia.

Mpigie simu, usimtumie meseji ndefu ya malalamiko. Mwambie kampuni imekua na unataka kila kitu kiwe kwa jina la kampuni, mlipe anachodai kama kipo, na mshukuru maana tovuti imekuletea wageni. Kisha mwombe abadilishe mwenye domeini awe kampuni yako na barua pepe ya mawasiliano iwe ya kwako, akupe logini ya cPanel (ukurasa wa kuendeshea hostingi) ya hostingi ya zamani, akupe akaunti ya ngazi ya juu kabisa ya WordPress, ile programu inayoendesha tovuti yenu, na akuambie kama kuna kitu kingine kimefungwa kwenye akaunti zake binafsi, mfano Search Console ya Google (huduma inayoonyesha Google inavyoiona tovuti yako), au fomu ya booking inayotuma nakala kwenye Gmail yake. Tena hiyo barua pepe ya mawasiliano ya domeini isiwe info@ ya domeini hiyohiyo, kwa sababu siku domeini ikiwa na shida hiyo barua pepe nayo inakufa na hupati taarifa. Weka Gmail ya kampuni. Akikataa, au akawa hapokei simu, hapo ndo cheti cha usajili cha BRELA, leseni ya biashara na risiti zote ulizomlipa vinaanza kazi, unakwenda kwa wakala wa domeini na barua rasmi yenye mhuri, na ikishindikana hapo msimamizi wao ni TCRA. Ni njia ndefu, ndo maana nasema anza na simu ya heshima.

Halafu kitu kimoja ambacho wauzaji wa hostingi hawakisemi vizuri: ili uhame hostingi huhitaji kuhamisha domeini. Domeini inaweza kubaki kwa wakala wa sasa miaka yote, wewe unabadilisha tu maelekezo kwamba jina hili sasa linaelekea seva ile. Ukitaka na domeini nayo ihame, fanya mwezi mwingine. Mambo mawili yakihama pamoja na kitu kikaharibika, hujui uanze kutafuta upande gani. (Kama una domeini ya .com pembeni, ujue ICANN, wasimamizi wa majina ya mtandao duniani, wana kufuli la siku 60 baada ya kuisajili kwa mara ya kwanza au kuihamisha, huwezi kuipeleka kwa wakala mwingine ndani ya muda huo. Kubadilisha seva unaweza, kufuli hilo halihusiki.)

Lini uhame? Wewe una bahati biashara yako ina msimu. Usiguse kitu kuanzia Juni mpaka Oktoba, wala Desemba mpaka Februari. Masika, Aprili au Mei, njia zina matope na maulizo yanapungua, hapo ndo pazuri. Siku iwe Jumanne au Jumatano, ile kazi ya kubadilisha DNS (maelekezo ya domeini inaelekea seva gani) ifanyike kama saa nne asubuhi: New York inakuwa saa tisa usiku, Ulaya ndo wanaingia ofisini, na mafundi wa kampuni zote mbili wako kazini. Ijumaa jioni hapana kabisa. Ikiharibika Ijumaa jioni utakaa mpaka Jumatatu unatuma tiketi za kuomba msaada ambazo hazijibiwi.

Sasa bekapu, yaani nakala ya akiba. Usikubali maneno ya "sisi tunachukua bekapu kila siku", hiyo ni ya kwao. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, jengo zima la SBG2 likateketea, na wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bekapu zao nazo zilikuwa kwenye eneo hilohilo. Na OVH ni moja ya kampuni kubwa za hostingi Ulaya. Kwa hiyo ingia cPanel, chukua bekapu kamili ya akaunti, ishushe kwenye kompyuta yako, nakala nyingine iweke Google Drive. Hiyo bekapu kamili ina mafaili, databesi, masanduku ya barua pepe, mpaka rekodi za DNS. Ila elewa kwamba wewe mwenyewe huwezi kuirudisha kwa kubofya ndani ya cPanel mpya, inarudishwa na kampuni ya hostingi kutoka upande wao. Na hili ndo swali la kuwauliza hao wapya, tena kwa maandishi: mtahamisha kwa bekapu kamili ya cPanel au kwa plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya WordPress? Wakisema bekapu kamili, masanduku ya barua, paswedi zake, barua zilizomo na hata zile barua za kujijibu zenyewe vinakuja pamoja. Wakisema plagini, iwe Duplicator au UpdraftPlus au yoyote, ujue plagini inaona WordPress tu. Barua pepe haizijui kabisa. Kuna watu wamehamishwa "bure" kwa plagini, tovuti ikapendeza, wakaja kufungua barua wakakuta sanduku tupu.

Kama kampuni mpya haitumii cPanel basi mambo yatafanywa kwa mkono na hapo angalia vitu vichache. Faili la .htaccess linaanza na nukta na kwenye kidirisha cha mafaili huwa linafichwa, usipowasha chaguo la kuonyesha yaliyofichwa utaliacha, matokeo yake ukurasa wa mwanzo unafunguka lakini kurasa nyingine zote zinasema hazipo. Databesi ihamishwe kwa herufi za utf8mb4, la sivyo yale maoni ya wageni wa Kijerumani yenye ü na ö yatageuka alama za ajabu, na kusafisha baadaye ni kazi ya kutoa machozi. Kama databesi ni kubwa phpMyAdmin (zana ya kupandishia databesi kwenye browza) itakatikia njiani, waombe wao waipandishe. Na faili la wp-config.php libadilishwe jina la databesi, mtumiaji na paswedi yake kwa sababu seva mpya ina majina yake. Mengine ya mafaili wataweza, hiyo ni kazi yao ya kila siku.

Kuna jambo la PHP, ile lugha ya kompyuta iliyoandikiwa WordPress, ambalo linaangusha wengi. Tovuti ya miaka kadhaa huenda inatumia PHP 7.4, ambayo watengenezaji wake waliacha kuitunza Novemba 2022, na seva mpya itakuja na PHP 8 kwa kuanzia. Themu (mafaili ya muonekano wa tovuti) ya zamani ikikutana na PHP 8 unaweza kupata ukurasa mweupe usio na neno hata moja. Ukiona hivyo usiogope wala usimpigie mtu kelele, kwenye hostingi nyingi toleo la PHP linachaguliwa. Weka kwanza lilelile la zamani, hamia, tulia, kisha wiki zinazofuata ndo uapdeti themu na plagini na kupanda PHP taratibu. Najua unatamani siku hiyohiyo ubadilishe na muonekano na picha za wageni. Usifanye. Siku ya kuhama, tovuti mpya iwe nakala kamili ya ile ya zamani, na ubaya wake wote.

Isipokuwa virusi. Umesema ilikuwa inazimika mara kwa mara. Inawezekana seva imejaa wateja, lakini inawezekana pia kuna mafaili yameingizwa na wahuni yanatuma barua taka usiku kucha. Ukihamisha bila kukagua utakuwa umehama na kunguni zako, na kampuni mpya ikiona seva yake inatuma barua taka itakufungia. Waombe wapime mafaili kabla ya kuyawasha, na wewe angalia orodha ya watumiaji wa WordPress, jina usilolijua lenye mamlaka ya juu uliza ni la nani.

Twende kwenye DNS, kwa sababu hapa ndo barua zinapotea. Domeini yako ina karatasi ya maelekezo. Rekodi ya A inasema tovuti iko seva gani, kwa namba ya IP, ambayo ni anwani ya seva kwenye mtandao. Rekodi ya MX inasema barua zipelekwe seva gani. Rekodi za TXT zinabeba uthibitisho, mfano SPF inayotaja seva zipi zinaruhusiwa kutuma barua kwa jina lako, na DKIM ambayo ni sahihi ya kidijitali. Hiyo karatasi inatunzwa na seva za majina, zile za ns1 na ns2. Kampuni mpya itakwambia "weka seva zetu za majina", ukiweka tu, karatasi ya zamani yote inaachwa na inaanza kusomwa ya kwao, ambayo huenda ina rekodi ya tovuti tu na mbili tatu za kwao. Kama kulikuwa na rekodi ya kuthibitisha Google, au MX maalum, au kijidomeini cha pembeni, vimekwisha. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe piga picha au nakili rekodi zote za zamani, moja baada ya nyingine, na hakikisha ziko upande mpya.

Kila rekodi pia ina muda wake unaoitwa TTL, ni sekunde ambazo dunia inaruhusiwa kukumbuka jibu la zamani kabla ya kuuliza tena. Kwenye cPanel kwa kawaida ni 14400, yaani saa nne nzima, na kwenye kampuni nyingine unakuta 86400, siku nzima. Siku mbili kabla ya kuhama ishushe iwe 300, ambayo ni dakika tano. Kisha siku ya kuhama badilisha rekodi ya A na ya MX peke yake palepale kwenye seva za majina za zamani, watu wengi watahamia upande mpya ndani ya muda mfupi, na ukiona kuna tatizo unarudisha namba ya zamani na ndani ya dakika chache uko salama. Seva za majina utazibadilisha siku chache baadaye, mambo yakishatulia, kwa sababu hizo TTL yake huwezi kuishusha mwenyewe na mabadiliko yanaweza kusambaa kwa siku moja au mbili. Kampuni nyingi za hostingi wanarukia seva za majina moja kwa moja kwa sababu kwao ni rahisi kueleza. Wewe sisitiza hii njia ya kuanza na rekodi za A na MX, ni haki yako.

Kabla ya kubadilisha chochote unaweza kuiona tovuti mpya bila wageni kujua. Kwenye laptopu ya Windows fungua Notepad kwa mamlaka ya admini, nenda C:\Windows\System32\drivers\etc, fungua faili la hosts, mwishoni andika IP ya seva mpya, nafasi, kisha domeini yako, mstari mwingine hivyohivyo na www mbele. Hifadhi, fungua browza upya. Laptopu hiyo peke yake sasa inaona seva mpya, dunia nzima inaendelea kuona ya zamani. Hapo kaa nayo saa nzima kama mgeni anayetaka kulipa: fungua kila njia, Marangu, Machame, Lemosho, angalia picha, shusha zile PDF za ratiba, jaza fomu ya booking uone barua inafika wapi. Kama mnapokea malipo ya kadi au ya simu kupitia kampuni ya malipo, waulize kama wanaifungia huduma yao kwa IP ya seva, wengine wanafanya hivyo, na ukihama bila kuwaambia malipo yanagoma kimya. Ukimaliza futa ile mistari kwenye hosts, tafadhali, maana ukiisahau laptopu yako itaendelea kudanganya hata mwaka ujao.

Cheti cha usalama, kile kinacholeta kufuli kwenye browza, nacho kina mtego wake. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt mara nyingi vinathibitishwa kwa domeini kuelekea seva inayoomba, kwa hiyo seva mpya haiwezi kupata chake mpaka DNS ibadilike, na katikati hapo mgeni anaona onyo jekundu kwamba tovuti siyo salama. Mgeni wa dola elfu mbili akiona lile onyo anafunga. Dawa ni kuchukua cheti kilichopo seva ya zamani pamoja na ufunguo wake na kukipachika seva mpya kabla ya siku yenyewe, cPanel inaruhusu. Vinadumu siku 90 kwa hiyo hakikisha kilichopo hakijakaribia kuisha. Baada ya DNS kutulia seva mpya itajipatia chake.

Sasa barua zenyewe. Kwanza angalia simu na kompyuta za ofisi zimeunganishwa kwa IMAP au POP. IMAP maana yake barua zinakaa kwenye seva na simu inaonyesha kivuli tu. Siku simu ikiunganishwa na seva mpya ambayo sanduku lake ni tupu, simu itatii, itaonyesha tupu, na mtu wa booking atapiga kelele kwamba miaka yote ya barua imefutika. Haijafutika, iko seva ya zamani, lakini kama umeshaifunga ndo basi tena. Kwa hiyo masanduku yatengenezwe seva mpya mapema, kwa majina yaleyale, kisha barua zinakiliwe kwa programu ya imapsync, kampuni mpya wakijua kazi wanayo. Kama hawana, weka Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe, kwenye laptopu, ingiza akaunti ya zamani na mpya kwa kutumia majina ya seva zenyewe badala ya domeini yako, na uburute makabrasha kutoka moja kwenda nyingine. Inachukua muda kwa intaneti yetu ila inafanya kazi. Wale wa POP barua zao ziko ndani ya kompyuta, chukua nakala ya kompyuta hiyo.

Unaponakili mara ya kwanza ni siku moja kabla. Unapobadilisha MX, kwa saa kadhaa barua nyingine zitaenda mpya na nyingine zitaingia ya zamani, hilo halizuiliki. Kwa hiyo kesho yake unanakili tena, na siku ya tatu tena, imapsync inachukua zile ambazo hazipo tu. Sanduku la zamani bado utalifikia kwa kuandika kwenye browza IP ya seva ya zamani ikifuatiwa na nukta mbili na mlango 2096. Onyo la browza litakuja kwa sababu cheti hakina jina la IP, endelea tu kama umehakikisha namba ni yenyewe.

Na hapa kuna kona ambayo hata mafundi wanaisahau. Seva ya zamani bado inaamini domeini yako ni ya kwake. Mteja mwingine aliye kwenye seva hiyohiyo, labda hoteli ya Arusha mnayopelekeana wageni na mnatumia hostingi moja, akikutumia barua, seva haitauliza DNS, itaitumbukiza moja kwa moja kwenye sanduku lako la zamani. Yeye anaona imetumwa, wewe huioni. Kwa hiyo MX ikishasambaa ingia cPanel ya zamani, sehemu ya usambazaji wa barua, badilisha kutoka kubadilishana kwa ndani kwenda kwa mbali. Dakika moja tu, lakini inaokoa barua ambazo vinginevyo zingelala pale mpaka akaunti ifutwe.

SPF ibadilishwe iwe na IP ya seva mpya, ya zamani uiache kwa wiki moja kisha uitoe, na DKIM iwashwe upya maana ufunguo wa zamani hauhami kwa kunakili rekodi tu. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza, barua isiyo na SPF wala DKIM inaweza kukataliwa au kuishia kwenye taka, na wageni wako wengi wako Gmail. Tuma barua ya majaribio kwenda Gmail, fungua maelezo ya asili ya barua, uone SPF na DKIM zote zimeandikwa PASS. Kiukweli kama bajeti inaruhusu, ningekushauri barua pepe za kampuni zitoke kabisa kwenye hostingi, ziende Google Workspace au Zoho au huduma nyingine ya barua tu, ili siku nyingine ukitaka kuhama tovuti barua zisiguswe. Lakini hilo nalo lifanyike siku yake.

Google usiiogope sana. Domeini ni ileile na anwani za kurasa ni zilezile, kwa Google hujahama, umebadilisha seva tu. Ile zana ya Search Console ya kutangaza mabadiliko ya anwani ni ya wanaobadilisha domeini, usiiguse. Roboti wake anaweza kupunguza kasi ya kutembelea kwa siku chache kisha akarudi. Kinachoshusha watu ni kitu kidogo: fundi alipotengeneza nakala ya majaribio aliweka tiki kwenye WordPress ya kuzuia mitambo ya kutafuta, akasahau kuitoa. Siku ya kuhama fungua mipangilio ya usomaji uangalie hiyo tiki haipo. Pili, uthibitisho wa Search Console uwe kwenye akaunti yako.

Hukuniuliza lakini nakwambia: hao wapya seva zao ziko wapi? Kuna mvuto wa kuchagua seva iliyo Dar au Nairobi kwa sababu kwako Moshi inafunguka haraka, na kama wateja wako wangekuwa Watanzania ningekuunga mkono, hasa nikikumbuka tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima ikahangaika na intaneti. Lakini wateja wako wako Ujerumani, Uingereza, Marekani. Siku ile wao kuifikia seva ya Ujerumani ilikuwa kawaida kabisa, na seva ya hapa ingekuwa imewapotea. Chagua seva iliyo karibu na anayelipa, wewe vumilia hizo milisekunde.

Baada ya kuhama hostingi ya zamani iendelee kulipiwa. Angalau mwezi. Kwenye hiyo ya zamani angalia rekodi za wageni walioingia, wakibaki maroboti peke yao ujue DNS imesambaa kote. Nakili barua mara ya mwisho, shusha bekapu kamili ya mwisho, ndo umwambie kijana aifunge. Paswedi zote za WordPress, cPanel na masanduku ya barua badilisha siku hiyo, na kama yeye utaendelea kumpa kazi, mfungulie akaunti yake mwenyewe yenye mamlaka ya kiasi anachohitaji. TTL irudishe kwenye saa moja au zaidi. Na tarehe ya kuisha domeini iandike kwenye kalenda ya simu yako na ya mhasibu, mwezi mmoja kabla, kwa sababu kuanzia sasa ankara inakuja kwako.